Hekaya Iliyosimuliwa Karagwe: Speke, Mukama Rumanyika na Uzushi wa Nasaba ya Hamu

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zilizoko mkoani Kagera hazitajwi sana katika makala za historia ya Waislamu wa Afrika Mashariki. Tumezoea kusoma habari za Kilwa, Lamu, Unguja na Bagamoyo, na tukiingia bara basi mwisho wetu huwa Tabora na Ujiji. Kyerwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka ilipogawanywa mwaka 2012, na ardhi ya wilaya hizo mbili ndiyo iliyokuwa kiini cha ufalme wa Wanyambo uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda, makao yake makuu yakiwa Bweranyange. Jirani na hapo, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani walikuwa na makazi yao katikati ya karne ya 19, na misafara yao ya kwenda Buganda na Bunyoro ilipumzika hapo.

Makala haya yanahusu hekaya moja iliyosimuliwa mbele ya mfalme wa nchi hiyo, kisha ikaandikwa kitabuni kama historia, kisha ikafundishwa mashuleni kama elimu, na hatimaye ikaua watu. Wanavyuoni wetu wana neno zito kwa khabari ya namna hiyo. Wanaiita maudhui, yaani ya kuzushwa.

Mnamo tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Mukama Rumanyika. Walikuwa wametoka Unguja mwaka uliotangulia wakitafuta chanzo cha mto Nile. Haikuwa safari ya kubahatisha. Mwaka 1857 na 1858, Speke na mwenzake wa wakati ule, Richard Burton, walikaa Kaze (Tabora ya leo), na huko walipata habari za Karagwe, Buganda na ziwa kubwa kutoka kwa Sheikh Snay bin Amir al-Harthi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amezifikia nchi hizo kabla yao. Njia ilikuwa inajulikana, vituo vilikuwa vinajulikana na majina ya wafalme yalikuwa yanajulikana. Hata jina la Rumanyika lilikuwa likitajwa katika mabaraza ya Kaze, kwani mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, Musa Mzuri, alikuwa amemsaidia katika ugomvi wa kurithi kiti dhidi ya ndugu yake Rogero. Pamoja na yote hayo, neno "ugunduzi" likaandikwa juu ya jalada la kitabu cha Speke mwaka 1863.

Jambo moja katika mapokezi yale ningependa msomaji alizingatie. Speke mwenyewe anaeleza kuwa Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Mwaka 1861, katika kilima cha Bweranyange, mfalme wa Wanyambo anamkaribisha mgeni kwa lugha ya pwani! Lugha hiyo haikuletwa na jeshi wala na shule ya mkoloni. Ilifika pamoja na wale wa Kafuro. Na papo hapo, baada ya salamu hiyo, Speke anaandika kuwa alitambua kwa kutazama tu kwamba watu hawa si sawa na wenyeji wa kawaida. Nyuso zao zilimkumbusha Wahabeshi. Hakuwa ameuliza swali hata moja, na hukumu ilikwisha kutoka.

Rumanyika aliwafanyia ihsani kubwa. Hakuwatoza hongo waliyotozwa kila mahali njiani. Grant alipougua mguu akashindwa kutembea, Speke alimwacha pale Januari 1862 akaenda zake Buganda, na Grant akakaa chini ya hifadhi ya mfalme mpaka Aprili. Malipo ya ukarimu huo tunayasoma ndani ya kitabu. Speke anasimulia jinsi alivyokwenda kwenye nyumba ya mke wa kaka yake mfalme, na baadaye kwa mwanamke mwingine wa nyumba ya kifalme, kwa kuwa alisikia kuwa wanawake hao hunyweshwa maziwa mpaka wanenepe sana. Alimpima mmoja wao kwa kipimo, mkono, kifua, paja na ndama ya mguu, huku akimwonesha mikono na miguu yake mwenyewe kama badala ya kuruhusiwa. Vipimo hivyo amevichapisha inchi kwa inchi. Mimi sitaviandika hapa.

Kunenepesha wanawake wa ikulu kwa maziwa ilikuwa ada ya watu wale, na si kazi ya makala haya kuijadili. Tunachojadili ni kitendo cha mgeni. Mafakihi wamekubaliana kuwa mwili wa mtu una hurma, na wameruhusu kumtazama ajnabiya kwa haja zinazojulikana kama tiba na ushahidi, tena kwa kiasi cha haja. Speke hakuwa tabibu wala hakuwa shahidi. Mwanamke yule hakuwa na maradhi. Alipimwa kama mnyama wa mnadani ili wasomaji wa London wastaajabu. Wala si yeye wa kwanza. Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, alioneshwa kwa viingilio London na Paris, na alipofariki mwaka 1815 mwili wake ukapasuliwa na viungo vyake vikawekwa katika makumbusho ya Paris. Havikurudishwa kwao kuzikwa mpaka mwaka 2002.

Tuje sasa kwenye hekaya yenyewe. Katika utangulizi wa kitabu chake Speke anashika ile kauli ya zamani kwamba watu weusi ni kizazi cha Hamu, mwana wa Nuhu (AS), waliolaaniwa wawe watumwa. Halafu anapofika kwenye sura ya Wahima (yeye anawaita Wahuma) anakutana na tatizo. Hapa pana falme zenye mpangilio, mahakama, adabu na ibada za kifalme. Ikiwa watu weusi ni waliolaaniwa, nani kajenga haya? Jibu lake ni kwamba watawala hawa si watu wa hapa. Ni Wahabeshi walioshuka kutoka kaskazini na mifugo yao, wakawatawala wakulima waliowakuta. Na akamwambia Rumanyika uso kwa uso kuwa nasaba yake inarudi kwa wafalme wa Habash, na kwa njia hiyo kwa Mfalme Daudi. Aliomba pia apewe watoto wa mfalme akawasomeshe Uingereza. Kwa maelezo yake, mfalme alifurahi. Na nani asiyefurahi kuambiwa kuwa ni mjukuu wa Nabii Daudi (AS)?

Hebu tuipime khabari hii kwa mizani ya watu wa hadithi, maana mizani hiyo ni haki kwa kila mpokezi. Kwanza sanadi. Speke hakuwa na Kiswahili cha kutosha kwa mazungumzo mazito. Mkalimani wake mkuu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani India, akapata uhuru bwana wake alipofariki. Yeye na Speke walizungumza Kihindustani, nacho Speke alikijua kwa kuwa alikuwa askari India. Kwa hiyo neno la Mnyambo lilitoka katika Kinyambo likaingia Kiswahili, likavuka Kihindustani, likaandikwa Kiingereza. Na huyo Bombay aliyebeba mlolongo wote huo, katika safari hiyo hiyo alipigwa na bwana wake kichwani kwa mkono. Speke mwenyewe anakiri, na Stanley akaandika baadaye kuwa meno ya mbele ya Bombay yalitoka kwa kipigo cha Speke. Msomaji apime mwenyewe uhuru aliokuwa nao mpokezi wa namna hiyo wa kumwambia bwana wake, "Sivyo alivyosema mfalme."

Pili, matini. Simulizi za Wanyambo wenyewe zinamtaja Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Wahinda, na zinamhusisha na Wachwezi. Zinasema alichukua nchi kutoka kwa Nono wa ukoo wa Wasita, waliokuwapo kabla yake. Hamna ndani yake Nuhu, wala Hamu, wala Daudi, wala Habash. Katika hukumu yake Speke aliegemea maumbile aliyoyaona kuliko mapokeo aliyoyasikia. Yaani pua na nywele zilipewa uzito kuliko ushahidi wa wenye nchi.

Tatu, ardhi yenyewe inamkanusha. Hazina ya kifalme ya Karagwe ilikuwa na nyundo na fuawe za chuma, na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, kazi ya wahunzi. Upande wa Bukoba, pale Katuruka, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba katika miaka ya 1970 akathibitisha kuwa chuma kiliyeyushwa huko yapata miaka elfu mbili iliyopita. Waliofanya kazi hiyo hawakusubiri mfugaji kutoka Habash aje kuwafundisha ustaarabu.

Hapa lazima tujisemee wenyewe pia, kwani uadilifu hauna jirani. Uzushi wa laana ya Hamu haukubaki kwa Wazungu. Uliingia katika baadhi ya vitabu vya tarehe na tafsiri vya Waislamu kupitia Israiliyyat, na wafanyabiashara ya watumwa wakaupenda kwa sababu zinazoeleweka. Lakini katika Qur'an hamna laana hiyo. Mwana wa Nuhu anayetajwa katika Suratu Hud ni yule aliyekataa kupanda jahazi akazama, na baba yake alipomwombea kwa sababu ya udugu wa damu alijulishwa kuwa si katika watu wake, kwa sababu ya amali. Kisa chenyewe kinavunja hoja ya nasaba. Na Suratul An'am inaweka wazi kuwa hakuna nafsi inayobebeshwa dhambi ya nyingine, sembuse watu wa karne kwa karne wabebeshwe kosa la babu mmoja.

Wanavyuoni hawakunyamaza. Ibnul Jauzi (aliyefariki mwaka 1201) aliandika kitabu kizima kuhusu fadhila za watu weusi na Wahabeshi, akaikanusha khabari hiyo. As-Suyuti (aliyefariki 1505) aliandika vitabu juu ya jambo hilo hilo. Ibn Khaldun alisema kuwa weusi unatokana na hali ya hewa ya nchi za joto na si laana ya Nuhu, ingawa yeye huyo huyo, Allah amsamehe, ana maneno mengine kuhusu watu weusi yasiyopendeza hata kidogo. Lakini aliyekata mzizi kwa lugha ya fatwa ni Ahmad Baba wa Timbuktu (1556–1627). Yeye mwenyewe aliwahi kutekwa na jeshi la Morocco akapelekwa Marrakech kwa pingu, akarudi kwao baada ya miaka mingi. Mwaka 1615 watu wa Tuwat walimwandikia wakiuliza kuhusu watumwa weusi wanaoletwa sokoni, na kuhusu laana ya Hamu. Akajibu katika risala yake ya Mi'raj as-Su'ud kuwa rangi haina hukumu yoyote, kwamba hakuna tofauti kati ya kizazi na kizazi katika mlango huu, na kwamba ambaye Uislamu wake na uhuru wake vinajulikana haijuzu kumiliki hata kama ngozi yake ni nyeusi kama makaa. Speke alipoandika sura yake, risala hiyo ilikuwa na umri wa miaka karibu 250. Laiti wote waliouza watu kwa jina la Uislamu wangeisoma.

Maana Kafuro nako hakukuwa kitongoji cha mawalii. Bwana mkubwa wa pale, Ahmed bin Ibrahim, alikuwa mtu wa pembe za ndovu na watumwa, na Stanley alipomkuta mwaka 1876 aliorodhesha mali yake, ng'ombe, pembe na watu pamoja. Hatuwezi kumlaumu Speke kwa kipimo chake tukafumbia macho minyororo ya Kafuro. Na bado mtu huyo huyo ana kisa kingine, alichomsimulia Emin Pasha naye akakiandika. Kwamba alipofika Buganda mwaka 1844, Kabaka Suna aliamuru watu wauawe bila kosa, na Ahmed akasimama barazani akamwambia mfalme kuwa hawa ni viumbe wa Mwenyezi Mungu aliyekuumba wewe pia, na ni dhambi kubwa kuwamaliza. Barazani alijua kuwa roho za watu ni za Allah. Nyumbani alikuwa na watu anaowamiliki. Mwandishi wa historia anayemtaka Ahmed mmoja tu kati ya hao wawili ataandika riwaya.

Baada ya Speke alikuja Henry Morton Stanley, na pamoja naye risasi. Mwaka 1875 alikwaruzana na watu wa kisiwa cha Bumbire, kwenye ziwa, upande wa Muleba ya sasa. Walimnyang'anya makasia, akakimbia huku akifyatua bunduki na kuua. Haikumtosha. Mwezi Agosti alirudi na mamia ya watu katika mitumbwi, akasimama mbali na ufuko ambako mishale haifiki, akawapiga risasi watu waliosimama nchi kavu. Aliyahesabu maiti kwa makumi na kutuma habari hiyo magazetini kwa fahari. Hata Uingereza kwenyewe wapo walioghadhibika, wakataka alaaniwe. Miezi michache baadaye Stanley yuko Karagwe, anamsifu Rumanyika kwa upole wake, anatembelea chemchemi za maji moto za Mtagata (ziko Kyerwa mpaka leo), na kulitazama ziwa ambalo Speke na Grant walikwisha kulibatiza jina la ziwa la kwao, Windermere. Mkono ulioua Bumbire ndio uliosalimiana na mfalme. Tofauti ni kwamba wa Bumbire walihesabiwa kuwa washenzi na wa Bweranyange wakahesabiwa kuwa karibu na Wazungu. Hivyo ndivyo hekaya ya nasaba inavyofanya kazi. Inaamua nani apewe mkono na nani apewe risasi.

Rumanyika alipofariki, nchi iliingia katika ugomvi wa kurithi. Sotoka ikaua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Novemba 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na Karagwe ikawa chini ya bendera.

Huko Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, hekaya ilipata makao ya kudumu. Wajerumani kisha Wabelgiji waliichukua kama elimu. Mwaka 1930 profesa wa Kiingereza, C. G. Seligman, aliiweka katika kitabu kilichosomwa vyuoni kwa miongo kadhaa, kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Wabelgiji walihesabu watu na kuwaandikia vitambulisho vyenye neno Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mtutsi akaambiwa wewe ni mgeni mtukufu kutoka Habash, na Mhutu akaambiwa wewe ni mwenyeji duni. Mgeuzo wake ulikuwa rahisi. Siku mwenyeji aliposhika dola, utukufu ukafutwa na ugeni ukabaki. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, akasema kuwa kwao Watutsi ni Ethiopia na kwamba watarudishwa kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Alirejeshwa Rwanda kutoka Kanada mwaka 2012 na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha. Lakini Aprili 1994 maneno yake yalikwisha kutekelezwa.

Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera. Kagera hupita Rusumo, ikapanda kaskazini ikiwa mpaka wa Karagwe na Kyerwa na Rwanda, ikapinda Murongo kuelekea mashariki, na kuingia Ziwa Victoria upande wa Uganda. Kwa wiki nyingi za mwaka ule maiti ziliteremka kwa njia hiyo, nyingine zikiwa zimefungwa mikono, zikipita chini ya vilima vilevile ambavyo Rumanyika aliambiwa kuwa yeye ni Mhabeshi. Mwisho wa Aprili watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Karagwe nayo ikapata kambi zake, Chabalisa na Kagenyi.

Na Waislamu je? Katika Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waislamu mjini Kigali, wengi waliwaficha majirani zao, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa sababu za watu wengi kusilimu baada ya vita. Tunamshukuru Allah kwa hilo. Lakini tusiseme nusu. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililochapa zile "amri kumi za Wahutu" Desemba 1990, ni Hassan Ngeze, na jina lake linajieleza. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Desemba 2003, na baada ya rufaa mwaka 2007 akabakiwa na kifungo cha miaka 35. Bukhari amepokea kuwa Abu Dharr (RA) alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (SAW) akamwambia kuwa ndani yake bado imo jahiliya. Abu Dharr alikuwa miongoni mwa waliotangulia kusilimu. Sisi ni nani hata tujione tumesalimika?

Maiti zilizofika ziwani zilizikwa na wavuvi na wanakijiji wa Uganda, maelfu kwa maelfu, Kasensero, Lambu na kwingineko, wengi bila jina. Mwanafunzi wa fiqhi anaweza kuuliza hukumu yake. An-Nawawi katika Minhaj ameliweka wazi suala hili kwa madhehebu ya Shafi: maiti za Waislamu zikichanganyika na za wasio Waislamu zisipambanulike, ni wajibu kuoshwa zote na kuswaliwa, na bora ni kuwaswalia wote pamoja kwa nia ya walio Waislamu kati yao, au mmoja mmoja kwa nia yenye sharti. Hata kiungo tu kikipatikana, kikajulikana kuwa ni cha Mwislamu aliyekufa, kinaoshwa na kuswaliwa. Katika masharti yote aliyoyataja hamna urefu wa pua, wala kitambulisho, wala swali la babu yake maiti alitoka mto gani.